Kwenye tundu moja wameingia wawili: mwongozo kamili wa kumsoma mbawakawa wa magome na kuvu wake

Mti ukianza kutoa unga kwenye vitundu vidogo vidogo, wa kwanza kulaumiwa ni mdudu na dawa ya kwanza kununuliwa ni ya mdudu. Inapulizwa, wiki zinapita, mti unazidi kunyauka, afu watu wanasema dawa ni feki. Mara nyingi dawa haina kosa. Kwenye lile tundu wameingia wawili, mbawakawa na kuvu, au fangasi kama wengi tunavyosema, na kwa miti mingi kinachoua ni ile kuvu, au wote wawili wakifanya kazi pamoja. Kwa hiyo ukimjua mdudu tu umejua nusu ya habari, na maamuzi yako yatakuwa ya nusu vilevile.

Mwongozo huu ni wa kuusoma mti wenye matundu toka nje mpaka ndani, kujua ni mbawakawa wa aina gani, kuvu yake inafanya nini, na baada ya hapo uamue. Nimeuandika kwa mtu yeyote mwenye mti, shamba la miti, mbao au hamu tu ya kujua, hauhitaji maabara isipokuwa kwenye hatua ya kuotesha.

Kabla hujashika panga, elewa hawa wanaishije

Mbawakawa wa magome ni wadogo sana, wengi wana milimita 1 hadi 6, kahawia au weusi, mwili kama kipande cha silinda. Kiukoo ni fukusi kabisa, familia ya Curculionidae, kundi la Scolytinae ambalo lina spishi kama 6000 zinazojulikana. Kimaisha wagawe mafungu mawili, na huu mgawanyo ushike vizuri manake kila kitu huko mbele kinauegemea.

Fungu la kwanza wanaishi chini ya gome, wanakula gome la ndani, ile tabaka laini inayosafirisha chakula cha mti. Kuvu wanayo, wengine wanaihitaji sana na wengine kidogo, ila gome wanalila kweli. Fungu la pili ndo mbawakawa wa ambrosia. Hawa wanapita gome wanaingia ndani ya mbao yenyewe, wanachimba vijia, wanapanda kuvu kwenye kuta, na wanakula hiyo kuvu, mbao hawaili, unga wanautupa nje. Ni wakulima haswa, wanapanda, wanapalilia, wanavuna. Msomi wa Austria, Josef Schmidberger, aliona kile kitu cheupe ndani ya vijia mwaka 1836 akakiita ambrosia akidhani kinatoka kwenye utomvu, na mwaka 1844 Mjerumani Theodor Hartig ndo akatambua ni kuvu. Na ukulima huu haukuanza mara moja, ulianza peke yake zaidi ya mara kumi kwenye koo tofauti za hawa wadudu.

Kwa nini wanahitajiana? Mbao ni chakula kibovu. Nitrojeni ni kidogo mno, na pia mdudu hawezi kujitengenezea steroli ambazo bila hizo hakui wala hajivui ngozi. Kuvu inazo, na nyuzi zake zinaingia ndani ya mbao zinavuta nitrojeni kuileta pale mabuu wanapokula. Mbali na hapo kuvu nyingine zinaisaga sumu ya mti. Grosmannia clavigera, rafiki wa mbawakawa wa misonobari ya milimani huko Amerika ya Kaskazini, ina uwezo wa kutumia kemikali za utomvu wa msonobari kama chakula chake, yaani silaha ya mti inaliwa. Kuvu nayo inapata usafiri, manake haiwezi kutoboa gome wala kuruka kwenda mti mwingine, na kuna ambazo hazijawahi kuonekana zikiishi mbali na mdudu wake.

Vifaa

Kisu kikali au patasi, nyundo, msumeno mdogo, lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10 au zaidi, kibanio chembamba, vichupa vyenye spiriti ya asilimia 70, mifuko ya kufunga vizuri, na kalamu ya kuandikia lebo. Spiriti ni muhimu kuliko unavyodhani, kila ukihama mti mmoja kwenda mwingine futa blade, ukipuuza hapo unaweza kuwa wewe ndo unayesambaza kuvu.

Hatua ya 1: soma unga na tundu

Angalia rangi ya unga. Unga wa kahawia au mwekundu mwekundu umetoka kwenye gome, kwa hiyo mchimbaji yuko chini ya gome. Unga mweupe au wa rangi ya mbao umetoka ndani, hapo fikiria ambrosia. Kuna jamii kama Xylosandrus ambao unga wao unatoka umeshikana, unasimama nje ya tundu kama kijiti chembamba, ila upepo au mvua kidogo tu kinaanguka kwa hiyo usipokiona usikate tamaa.

Tundu la ambrosia ni duara safi, mara nyingi kama milimita 1 au 2. Tundu lenye umbo la nusu duara, la yai, au kubwa la kuingiza kalamu ni la wadudu wengine kabisa na mwongozo huu hauwahusu. Na zile mbao kavu ndani ya nyumba zinazomwaga unga laini kama wa ngano, kuta za vijia hazina doa lolote, hao ni wala mbao kavu, hawana shamba la kuvu. Mbawakawa wa ambrosia hawezi kuishi kwenye mbao kavu, kuvu yake inataka unyevu, ikikauka na yeye anakufa njaa.

Angalia pia utomvu. Misonobari ikiwa na nguvu inamwaga utomvu kwenye tundu, unaona donge limeganda na unga umechanganyika humo. Miti mingine inatoa maji meusi, mingine inatoa sukari nyeupe inayoganda, mparachichi unafanya hivyo.

Hatua ya 2: fungua gome

Bandua gome taratibu pembeni ya tundu, usipige kwa pupa utaharibu ramani. Ramani ni ile michoro ya vijia. Mama anachimba kijia kikuu, anataga mayai pembeni, kila buu likitoka linachimba kijia chake kikizidi kupanuka kadiri linavyokua, na mwisho wake kuna kichumba cha bundo, yaani buu likiwa linageuka kuwa mbawakawa. Mchoro unakwambia mengi. Mbawakawa wa elmu (mti wa Ulaya na Amerika), Scolytus multistriatus, ana kijia kikuu kimoja kinachofuata urefu wa shina na vya watoto vinatawanyika pande zote. Ips typographus wa Ulaya, dume ndo anaanza kuchimba chumba, majike wawili watatu wanajiunga na kila mmoja anachimba kijia chake juu au chini. Dendroctonus frontalis wa kusini mwa Marekani anapindapinda kama herufi S zinazokatana.

Sasa kitu ambacho watu wanakiruka. Angalia urefu wa vijia vya mabuu. Vikiwa vifupi na vinaishia kwenye kichumba kizuri, mabuu walikula kuvu nzuri wakakua bila kuhangaika. Vikiwa virefu sana, vyembamba, vinatangatanga afu vinakatika bila kichumba, kuna kitu hakikuwa sawa, na mara nyingi hicho kitu ni kuvu iliyokuwepo pale. Pia angalia rangi ya gome la ndani, kama kuna mabaka meusi ya bluu yaweke alama, tutayarudia.

Hatua ya 3: kata mbao

Kata tawi au gogo kwa upana uangalie kichwa chake. Kuvu za fungu la kwanza zinaacha doa la bluu-kijivu kwenye mbao ya nje, ile inayopandisha maji, mara nyingi doa limekaa kama vipande vya keki vikielekea katikati, na kwenye kiini linaishia. Hii mbao ya bluu, nguvu yake kwa kazi nyingi haipungui sana manake kuvu hizi zinakula vyakula vilivyohifadhiwa ndani ya seli na sio ukuta wenyewe wa mbao, inachoharibika ni sura na bei. Usichanganye doa na uozo. Mbao iliyooza inabonyea, yenye doa bado ni ngumu.

Kwa ambrosia, pasua mbao kwa kufuata urefu wake ukifuata tundu. Utaona kijia kinaingia, kinajigawa, kuta zake nyeusi au kahawia zimezungukwa na doa. Kama kinaishi utakuta ukuta umefunikwa na utando mweupe, kijivu au wa maziwa, laini. Hilo ndo shamba.

Hatua ya 4: tazama kuvu kwa lenzi

Fanya haraka baada ya kupasua, kwa sababu shamba likishapata hewa na ukavu linanyauka, na mama akiondolewa kuvu nyingine za ovyo zinavamia ndani ya siku chache. Kwenye vijia vya ambrosia tazama kama ule utando umesimama kama zulia fupi la nyuzi zenye vidonge juu, hicho ndo chakula. Kwenye vijia vya chini ya gome, hasa vichumba vya bundo, tafuta vitu vyeusi vidogo kama chupa zenye shingo ndefu, na kwenye ncha ya shingo kuna tone. Lile tone limejaa spora, yaani mbegu za kuvu, na linanata, na limewekwa juu makusudi ya maumbile, mbawakawa kijana akitoka kwenye bundo anapita hapo hapo, linamganda mwilini, anaondoka nalo. Piga picha kila kitu.

Ukitazama muda mrefu kwenye kijia kinachoishi, unaweza kuona kazi zinavyogawanywa. Xyleborinus saxesenii amechunguzwa vizuri, mabuu wake wanaufinyanga unga kuwa vidonge na kupanua kijia, na majike wakubwa wanautoa nje na kutunza kuvu. Mi sijui mdudu mwingine mdogo hivi mwenye nidhamu hii, inastahili kuonwa kwa macho.

Hatua ya 5: mkamate mdudu na utafute mfuko wake

Mbawakawa wengi wanaotegemea kuvu wana kimfuko maalumu mwilini cha kubebea spora, kitaalamu kinaitwa maikangia. Mahali kilipo panategemea spishi. Xyleborus na Euwallacea wanacho kichwani karibu na taya, Xylosandrus wanacho mgongoni pale kifua kinapoungana na sehemu ya mabawa, Dendroctonus frontalis jike anacho kifuani mbele, na Dendroctonus ponderosae anacho kwenye viungo vya mdomo. Ips typographus hana mfuko unaoeleweka, anabeba spora nje ya mwili na tumboni. Hii ina maana kubwa: mwenye mfuko ana kuvu yake mahsusi anayoirithi toka kwa mama, asiye na mfuko anabeba mchanganyiko unaobadilika kutoka sehemu hadi sehemu.

Kwa kumkamata, mtego rahisi ni chupa ya plastiki. Kata madirisha mawili matatu ubavuni, ining'inize, chini weka maji yenye sabuni, ndani ning'iniza kichupa cha spiriti chenye utambi uvuke taratibu. Spiriti inawaita mbawakawa wa ambrosia kwa sababu mti uliopata shida, uliofurika maji au kujeruhiwa, unatengeneza alkoholi ndani yake. Na kuna siri zaidi hapo, alkoholi hiyo inazuia kuvu nyingine na kuiacha kuvu ya Xylosandrus germanus istawi, yaani mdudu anachagua shamba ambalo magugu hayaoti. Ukitaka kuvu hai usitumie maji ya sabuni, weka karatasi yenye unyevu na uangalie mtego kila siku.

Utakaowapata ni karibu wote majike. Kwenye kabila la Xyleborini dume haruki, anazaliwa toka yai lisilorutubishwa, anawapanda dada zake ndani ya kijia na maisha yake yanaishia hapo. Jike mmoja tu, na kimfuko chake, anatosha kuanzisha ukoo kwenye nchi mpya. Ndo maana hawa wanasambaa duniani kwa mbao za kufungashia mizigo.

Hatua ya 6: otesha kuvu

Hii ni kwa mwenye maabara au anayeshirikiana na mwenye nayo. Chakula cha kuoteshea ni gramu 20 za kimea kilichokamuliwa na gramu 15 hadi 20 za aga kwa lita moja ya maji, pika kwa mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 15, mimina kwenye sahani za petri. Ongeza streptomaisini kuzuia bakteria.

Kutoka kwenye mbao: bandua uso kwa kisu kilichochomwa, chukua vipande vya milimita 2 au 3 kwenye mpaka kati ya doa na mbao safi, sio katikati ya doa, manake mpakani kuvu ndo inasonga mbele na wavamizi wengine bado hawajafika. Kutoka kwa mdudu: mchovye kwenye spiriti sekunde chache kuua vya nje, msuuze kwa maji yaliyochemshwa kitaalamu, kata sehemu yenye mfuko, kichwa au kifua kulingana na spishi, isage kwenye tone la maji, punguza mara 10, mara 100, mara 1000, na kila kipimo kipake sahani yake. Kwanini upunguze? Kwa sababu ukipaka kama ilivyo, kuvu inayokua haraka inafunika zote, na unayoitaka huwa ina wingi mkubwa kwa hiyo ndo inabaki kwenye maji yaliyopunguzwa sana.

Ujanja mmoja wa zamani unaosaidia: saikloheksimidi, dawa inayoua kuvu nyingi. Kuvu za kundi la Ophiostoma na Raffaelea zinaivumilia, za kundi la Ceratocystis na Ambrosiella zinakufa. Otesha sahani mbili mbili, yenye hiyo dawa na isiyo nayo, utajua uko upande gani. Ila ni sumu kali, vaa glavu, na asiye na mafunzo asiiguse. Jina la mwisho la kuvu lipatikane kwa DNA, rangi ya sahani inadanganya sana.

Na kupata kuvu sio ushahidi kwamba ndo inaua. Mpaka ichanjwe kwenye mti wenye afya uliotengwa na mingine, mti uugue vilevile, na kuvu ileile itolewe tena humo, hapo ndo useme.

Hatua ya 7: tafuta wageni wengine

Hapa ndo pananifurahisha kuliko kote. Inua mabawa ya mbawakawa uangalie chini ya lenzi, utaona utitiri wamejishikilia. Sio abiria wa bure. Chukua Dendroctonus frontalis. Jike anabeba mfukoni kuvu nzuri kama Entomocorticium, mabuu wakiila wanakuwa wakubwa na wenye mafuta. Lakini utitiri wa jenasi Tarsonemus walioko mwilini mwake wanabeba kuvu yao, Ophiostoma minus, kwa sababu wao wanaila hiyo na kuzaliana kwayo. Ikiota kwenye gome la ndani inaleta lile baka la bluu niliyokwambia uweke alama kwenye hatua ya 2, na mabuu wanaodondokea humo wanadumaa au kufa. Juu yake tena kuna bakteria wa Streptomyces wanaokaa na mbawakawa na kutengeneza kemikali iitwayo maikanjimaisini inayoikandamiza O. minus kuliko inavyoikandamiza kuvu nzuri, jambo lililochapishwa 2008. Kwa hiyo ndani ya gome moja kuna mti, mdudu, kuvu zaidi ya moja, utitiri na bakteria, na mlipuko wa mbawakawa unaweza kupanda au kushuka kutegemea nani kati yao anashinda.

Joto nalo linachagua mshindi. Mbawakawa wa misonobari ya milimani anatembea na G. clavigera inayopenda ubaridi na Ophiostoma montium inayovumilia joto, ikiwa baridi anaruka na ile, ikiwa joto anaruka na hii, hivyo anakuwa na mwenzi wakati wote. Mlipuko wake British Columbia, Kanada, ulioanza miaka ya 1990, uligusa kama hekta milioni 18 za misitu.

Hatua ya 8: amua kulingana na aina ya ushirika

Kama ni wa chini ya gome na amejaza shina zima, mti huo haurudi. Kuvu imeshaingia kwenye njia za maji. Ondoa mti kabla kizazi kipya hakijaruka, bandua gome au choma pale sheria inaporuhusu, na elekeza nguvu kwenye miti iliyobaki, ipunguziwe msongamano na ipate maji, mti wenye utomvu mwingi unajilinda.

Kama ni ambrosia kwenye mti uliokuwa tayari mgonjwa, umefurika maji, umeungua, umepandikizwa vibaya, basi mdudu ni dalili. Tibu chanzo. Kukimbilia dawa ya kuua wadudu hapo ni kupoteza hela, dawa ya kunyonywa na mti inamfikia kidogo sana kwa sababu mbao haili, na dawa ya kupaka inafaa tu ikiwa kwenye gome kabla hajaingia. Matawi membamba ya kahawa yaliyotobolewa na Xylosandrus compactus yakatwe chini ya tundu na kuharibiwa, ndivyo wakulima wa robusta Uganda wanavyoshauriwa.

Hatari kubwa ni pale kuvu ya kigeni inapokutana na mti usioijua. Xyleborus glabratus kwao Asia anapendelea miti inayokufa. Alipoonekana Georgia, Marekani, mwaka 2002, kuvu yake ambayo sasa inaitwa Harringtonia lauricola ilianza kuua miti mizima yenye afya ya jamii ya mparachichi, matundu machache tu yanatosha, mti unaziba mishipa yake wenyewe ukijaribu kuizuia na unakauka ndani ya wiki au miezi. Elmu za Ulaya na Amerika ni hivyohivyo, mbawakawa anatafuna tu kwenye mapacha ya vijitawi vya mti mzima, anaacha kuvu ya Ophiostoma, basi, na kuvu inahama hata kwa mizizi iliyoungana. Mbawakawa Euwallacea fornicatus na kuvu yake Fusarium euwallaceae waliwasumbua wakulima wa parachichi Israel toka 2009, na Afrika Kusini waligunduliwa 2017 kwenye bustani ya mimea ya Pietermaritzburg. Huyu anatoboa miti ya aina nyingi mno, ila kwenye mingine anazaliana na mingine hazaliani, na unapochagua wa kukata, anza na ile anayozaliana. Kwenye hali za namna hii dawa za kuvu za kudunga shinani, propikonazoli au thiabendazoli, zina maana kwa mti wa thamani ambao bado ni mzima, kama kinga. Na toa taarifa mapema kwa mamlaka ya afya ya mimea, usisubiri uhakika wa DNA.

Hatua ya 9: malizana na magogo

Usisafirishe kuni zenye matundu, hata kwa jirani. Saga vipande viwe chini ya sentimita 2.5, au funika kwa nailoni iliyozibwa pande zote kwenye jua kali, joto la nyuzi 35 kwenda juu, kwa wiki sita au zaidi, kwenye ubaridi acha miezi sita. Mbao za kufungashia mizigo ya kimataifa zinapashwa mpaka kiini kifike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, hicho ndo kiwango cha kimataifa kiitwacho ISPM 15. Ukitaka kuona kilichobaki ndani, weka kipande cha gogo kwenye ndoo nyeusi iliyofungwa kabisa, toboa upande mmoja ubandike chupa angavu, watakaotoka watafuata mwanga waingie kwenye chupa. Ndoo ibaki hapo hapo gogo lilipotoka, iandikwe tarehe na aina ya mti, na isifunguliwe mpaka ipite miezi kadhaa bila mdudu mpya kwenye chupa.